Karatasi ya Meza ya Nne

"Binti akaugusa mlango wa kinu, kisha aka"

Hapo ndipo ukurasa wa sitini na nne ulipokatikia, na wa sitini na tano Kimya hakuwa nao.

Katika chumba cha kukunjia, kila mwanamke alikuwa na karatasi yake moja. Ni karatasi pana, imechapwa kurasa kumi na sita, nyingine zimesimama wima, nyingine kichwa chini. Ukishaikunja mara tatu na kuubana mkunjo kwa kipande cha mfupa, kurasa zinajipanga zenyewe. Meza nane, karatasi nane, kitabu kimoja. Kuinuka mezani kwako ni kosa. Kugusa karatasi ya mwenzio ni kosa zaidi, maana zikichanganyika kitabu kimeharibika.

Safari hii ilikuwa riwaya ya vijana, ya uchawi na visiwa vya Karibi, huko mbali kwenye mashamba ya miwa. Kimya, aliyeishia darasa la saba, alikuwa akiiba kwa jicho mstari mmoja kila akikunja. Nakala zilikuwa elfu tatu. Hata mia mbili hazijafika, kurasa zake zote alikwisha kuzihifadhi. Binti alizaliwa na wimbo wa kuita upepo. Bwana wa shamba akamfungia ndani ya kinu cha upepo, aimbe mchana kutwa ili mabawa ya kinu yazunguke na miwa isagike. Kurasa kumi na sita nzima, binti yumo ndani tu.

Kimya alimjua binti huyo kama anavyojijua. Tangu karatasi zilipoibwa, Msimamizi alikuwa akiwafungia kwa nje, ufunguo ukining'inia kiunoni mwake. Wiki iliyopita sufuria ya gundi iliungua chumba cha pili, moshi ukapenya chini ya mlango. Waligonga mpaka viganja vikavimba. Msimamizi alikuwa amekwenda kunywa chai.

"Si mmepona?" alisema alipofungua. "Makelele ya nini?"

Mwenzao mmoja aliyeulalamikia ule mlango aliambiwa kesho asirudi, na meza yake ikapewa mwingine. Kimya alikuwa na mama nyumbani, na wadogo zake, wote wakila kwa mikono yake. Akafunga mdomo. Lakini kila ufunguo ulipozungushwa, alionja ule moshi kooni.

Basi akataka kujua jambo moja tu: yule binti alitokaje?

Chakula cha mchana walikula humo humo. Akamnong'oneza Dada Mcheshi wa meza ya tano.

"Kwangu limebaki neno moja tu, 'akauacha,' halafu hayumo tena," alijibu Dada Mcheshi. "Kwangu kuna kaka yake, yuko melini anatapika. Kurasa kumi na sita, mdogo wangu, mtu anatapika! Nimechoka kumfutia."

Meza ya sita na ya saba walikaa mawifi wawili walionuniana. Ukimsemesha mmoja, umeshaingizwa kwenye kesi. Ikabaki meza ya nane, ya Bibi, aliyekunja karatasi ya mwisho ya kila kitabu kwa miaka thelathini.

"Bibi, yule binti wa kinuni alitoka?"

Bibi hakuinua uso. "Kwanza nieleze kwako kumeishia wapi, nisije nikakupunja uhondo."

Kimya akamweleza yote, mpaka mkono wa binti mlangoni. Bibi alisikiliza, mfupa wake ukipita na kurudi. Akautazama mlango wao, kisha akamtazama yeye.

"Alitoka," akasema. "Tena hakuvunja kitu. Alinyamaza tu. Upepo ukakosa wa kuuita, kinu kikasimama, miwa ikaanza kuchacha. Bwana akatukana, akabembeleza, akatukana tena. Mwisho akafungua kwa mkono wake mwenyewe."

"Hakumuua?"

"Amuue, halafu nani aimbe?"

Kesho yake Msimamizi alifunga mlango kama kawaida. Kimya akauweka mfupa chini, akapakata mikono. Saa nne Msimamizi alikuja kuzoa karatasi, akakuta rundo la meza ya nne halijaguswa.

"We, unaumwa?"

"Siumwi. Mlango ukikaa wazi nitakunja."

Msimamizi akacheka. Akalisukuma lile rundo kwa Dada Mcheshi. "Kunja wewe."

Dada Mcheshi akaweka mfupa chini. "Mimi bado nafuta matapishi, bosi."

Bibi naye akapakata. Kisha meza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwisho hata wale mawifi, kila mmoja akitazama ukuta wake.

Kitabu hakishonwi pasipo kurasa zote. Msimamizi akatishia kuwafukuza wote wanane, hakuna aliyeinuka. Akawaita "wanangu", hakuna aliyeitika. Mwenye kiwanda akampigia simu mara tatu. Alasiri akaja na bisibisi, akaking'oa kitasa cha mlango, akaondoka nacho bila kumtazama mtu.

Kimya akashika mfupa wake. Upepo uliingia ukazichezea pembe za karatasi, na kwa mara ya kwanza walilazimika kuzikandamiza kwa viwiko.

Jumamosi kazi ile ikaisha. Nakala zilizobandikwa jalada upande waliruhusiwa kuzichukua. Bibi alichagua moja, akamfuata Kimya nje penye mwanga, akajikongoja mpaka akaketi kando yake, na kumwekea kitabu mapajani.

"Haya, mjukuu wangu, nisomee," akasema. "Mimi shule sikupelekwa. Na nimekaa wiki nzima nataka kujua yule binti alitokaje."