Afande Mtaalamu Afika Kisinga

"Nani ameosha hiki kikombe?"

Afande Semakula alikining'iniza kwa vidole viwili, glavu nyeupe mkononi, kana kwamba ameokota panya aliyekufa. Mama Naome akainamisha kichwa.

"Ni mimi, afande. Watu ya matanga ilikuwa inakuja."

"Watu ya matanga!" Semakula akacheka kwa dharau. Wiki nzima alikuwa Bwera akiwafundisha askari misingi ya sayansi ya uchunguzi wa jinai. Sasa ameitwa Kisinga kwa kifo cha Phionah, binti wa Naome, mhudumu wa lojingi ya wageni huko huko Bwera. Jana mama alitoka shambani akamkuta hapa nyumbani, amenyongwa kitandani. Mwili ukapelekwa hospitali, mtaalamu akasubiriwa.

Nyumba ngapi za namna hii alikwisha kuziona! Mtu anakufa, na kabla polisi hawajafunga kamba za viatu, wanawake wameshakamata ufagio ili waombolezaji wasikute uchafu. Alichoka nao watu hawa.

"Na shuka?"

"Tulifua, afande."

"Sakafu?"

"Tulipaka mavi ya ng'ombe."

"Hata kitasa cha mlango?"

"Hata kitasa tulipanguza."

Kwa kila jibu sauti ya Semakula ilipanda, mpaka majirani waliokuwa wakichungulia dirishani wakaona haya. Akamgeukia Gorret, koplo wa kituo cha hapo, aliyekuwa mwanafunzi wake.

"Unaona ujinga? Mtu wa alama za vidole angekisoma hiki kikombe. Mtu wa vinasaba angetafuta unywele kwenye shuka. Mtu wa nyayo angepima kiatu hapo mlangoni. Sasa wote wamebaki bila kazi! Daktari wa maiti atasema binti amenyongwa, basi. Nani amemnyonga, hawezi kusema."

"Ndiyo, afande," Gorret akajibu, macho chini.

Naome akapiga magoti. "Afande, sina mutoto mwingine. Huyo mutu atakwenda hivi tu?"

"Ungefikiria hayo kabla ya kushika sabuni."

Mama akaangua kilio. Akaitazama mikono yake, akailaani, na hakuna jirani aliyethubutu kumnyamazisha. Uchungu wa kumpoteza mtoto ulikuwa umeongezewa mwingine, wa kumpotezea haki yake.

Semakula akavua glavu, akabeba sanduku la vifaa ambalo hata hakulifungua, akamwagiza Gorret aandike kwamba ushahidi haupo. Majirani wakampisha kwa heshima zote.

Ndani ya gari alipandisha kioo, akashusha pumzi ndefu. Kikombe alichonywea chai ya Phionah, shuka, kitasa, hata alama za viatu vyake mlangoni: mama wa marehemu alikuwa amemsafishia vyote, bila kuombwa.