Ukuta wa Nyuma

Fundi Chande aliizunguka nyumba akigongagonga kuta kwa mpini wa mwiko. Nyuma, chini ya upenu, plasta ikambandukia mkononi.

“Umelowa mpaka ndani,” alisema. “Na mvua yenyewe tumeisahau.”

“Bomba limepasuka?” aliuliza Kitwana, mwenye nyumba, aliyerudi juzi tu baada ya miaka miwili safarini.

“Bomba lipi, bwana? Hapa panamwagwa maji kwa mkono, kila siku. Mnaotesha nyumba?”

Kitwana akacheka, akachukua jembe autazame msingi kabla ukuta haujawaangukia. Mkewe, Mwantumu, akatokea na kopo la maji, akasimama mbele yake.

“Hapo usichimbe, mume wangu.”

“Kuna nini?”

“Mwanao. Ulipoondoka nilikuwa na mimba, nami sijajua. Aliishi siku tatu. Bibi yangu akasema mtoto mchanga kama yule huzikwa upenuni, pasikauke, ndipo tumbo lipate mwingine. Mvua ikikatika, namwagia mimi.”

Fundi akavua kofia. Kitwana akalilaza jembe chini.

Mwantumu akainama, akamwaga maji polepole. Yakatiririka mpaka kwenye vidole vya mumewe, naye hakuondoa mguu.