Kipimo cha Pili

Meneja wa kiwanda cha ngozi alikata kamba kwa kisu, akakiinua juu kile kipimo cha maji cha njano, maji yakimchuruzika mkononi hadi kwenye saa.

"Nimewaambia mara ngapi? Ziwa hili si maabara yenu!"

Muuguzi hakurudi nyuma hata hatua moja. Nyuma yake walisimama madobi, wauza samaki na washona nyavu, kila mmoja na simu yake mkononi. Kwa miezi saba walikuwa wakipokezana zamu za kukitumbukiza kipimo hicho ziwani. Kikitulia majini dakika kumi, hutuma namba kwenye simu zao wote, pamoja na mahali kilipo: kijani kwa maji salama, nyekundu kwa maji ya kuua. Kikiwa nchi kavu, hukaa kimya kama mdeni.

Tatizo lilikuwa uzio. Bomba la kiwanda lilitapika ndani ya uzio wa waya uliozama ziwani, kando ya gati la meneja, na humo hakuna mwananchi aliyeruhusiwa kutia mguu. "Namba za nje ya uzio hazinisaidii," mkaguzi wa maji alikuwa amewaambia asubuhi hiyo. "Nileteeni za mdomoni mwa bomba. Kesho saa nne nasaini kibali chao cha miaka mitano."

Miaka mitano! Muuguzi alimfikiria binti yake wa miaka minne, miguu imejaa vidonda visivyosikia dawa, na wenzake ishirini na tatu anaowaosha vidonda pale zahanati kila wiki.

"Chukua," akamwambia meneja. "Kesho tutapima kwa macho. Ukitufunga macho, tutapima kwa pua. Bomba lako hilo hata kipofu analijua lilipo."

Watu wakaangua kicheko. Meneja akasubiri kiishe.

"Chekeni tu," akasema. "Nasikia hiki ndicho kilichobaki."

Kweli, ndicho kilichobaki. Kipimo cha pili kilitoweka siku tisa zilizopita kwenye kabati la zahanati, kabati lenye funguo mbili tu: mmoja wa muuguzi, wa pili wa baba yake, aliyelitengeneza. Na siku hiyo hiyo baba yake, fundi boti anayeheshimika ufukwe mzima, alikubali kuiziba boti ya meneja iliyopasuka chini. Bure. Hata chai hakudai!

Muuguzi alimfuata karakanani, akamuuliza. Mzee hakukiri wala hakukana.

"Mwanangu, uso wako hauna pazia," alisema. "La moyoni mwako hata mpita njia hulisoma." Kisha akarudi kukoroga gundi yake.

Kikulacho ki nguoni mwako, muuguzi alijisemea siku ile, na tangu hapo hakumwamkia baba yake. Siku tisa bila shikamoo. Ilimuuma kuliko alivyotaka kukubali.

Na sasa mzee huyo huyo alitokeza karakanani, akiisukuma boti ya meneja juu ya magurudumu yake, jasho likimtoka. Hakuna aliyenyoosha mkono kumsaidia.

"Bosi, tayari," akasema kwa adabu zote. "Nimeiziba vizuri, haivuji tena. Ila uiache palepale gatini pako, kwenye kina. Ukiipandisha mchangani utakwangua gundi."

"Angalau hapa yupo mtu mmoja mwenye akili," meneja akasema, akimpigapiga begani.

"Msaliti!" dobi mmoja akafoka. Mzee akajifanya hana masikio, akaisukuma boti majini.

Meneja akakitupa kipimo ndani ya boti, akawasha injini. Muuguzi akapanda juu ya beseni lililopinduliwa, akapaza sauti hadi mishipa ya shingo ikamsimama.

"Mwambie mkaguzi wako kesho tutakuwa mlangoni kwake alfajiri! Sisi sote, na watoto wetu, na vidonda vyao wazi! Akitaka kusaini, asaini huku anawatazama! Hatuogopi uzio, hatuogopi kisu, na wewe hatukuogopi!"

Ufukwe ukalipuka kwa vigelegele. Meneja akapunga mkono bila kugeuka. Boti ikapita lango la uzio, mlinzi akapiga saluti, ikaenda kufungwa gatini, hatua tatu kutoka mdomo wa bomba.

Muuguzi akashuka kwenye beseni. Maneno makali anayo, lakini mkaguzi alitaka namba. Pembeni, baba yake alisimama peke yake, akisugua vidole kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Zikapita kama dakika kumi, baba huku na binti kule, madobi wakirudia nguo zao kwa manung'uniko.

Ndipo simu ya dobi ikalia. Ikafuata ya muuza samaki, kisha zote kwa pamoja, ufukwe mzima. Muuguzi akaichomoa yake mfukoni. Namba zilikuwa nyekundu, kubwa kuliko zote walizowahi kuziona kwa miezi saba, na juu yake maandishi madogo: *Kipimo cha pili. Ndani ya uzio, mdomoni mwa bomba.*

Akazisoma mara mbili. Kisha akatembea hadi alipokuwa mzee, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu, bado akisugua vidole. "Ile gundi ya chini ya boti ilichelewa kukauka."