Kwenda na Kurudi

Siku hizi mabasi hayapo, na gari la betri haliwaki mpaka lijiridhishe kwamba chaji itakufikisha uendako na kukurudisha nyumbani. Nyumbani ni kwa mwenye gari, na mwenye gari ni mume.

Siwema alikuwa amechoshwa na makofi ya huyo mume. Asubuhi hiyo, mume alipotoka tu, Siwema akatupa begi kwenye buti, akaketi kwenye usukani. "Korogwe, kwa mama."

Gari likapiga hesabu. "Kwenda na kurudi, chaji inatosha kwa shida. Abiria mmoja, kiyoyozi kizimwe."

Kabla hajafunga mlango, wifi yake Mwajabu akajitosa kiti cha mbele, mzito kama gunia la mkaa uliolowa. "Unaondoka kimyakimya, wifi? Lazima tukusindikize!" Nyuma wakajibana mashangazi watatu wa mume.

"Shukeni!"

"Tushuke, watu waseme tumekufukuza?" Mwajabu akawasha kiyoyozi mpaka mwisho. "Joto, jamani!"

"Korogwe hakufikiki," likasema gari.

Hawakushuka. Wakaisengenya harusi ya jirani, pilau lake bichi na bwana harusi wake kibogoyo, huku Siwema akitazama chaji inavyoshuka.

"Sasa hata Muheza, hapo njiani, hakufikiki. Sokoni naweza kuwapeleka na kuwarudisha," likaongeza gari kwa upole.

"Haya, sokoni!" Mwajabu akamfunga Siwema mkanda kama mtoto. "Tununue samaki. Kaka akisikia habari ya begi, bora awe ameshashiba."

Milango ikajifunga. Gari likawaka.