Nyanya za Chumba cha Nyuma

Kwa mara ya tatu wiki hiyo, Ornella alikuta udongo mbichi kwenye korido, mstari mwembamba ulioanzia mlango wa chumba cha nyuma. Nyumbani walikuwa wanaishi watu wawili tu, kwa hiyo hakuhitaji polisi.

Mle chumbani kulikuwa na bidoni nane zilizokatwa, zile za plastiki za kuchotea maji, kila moja na mche wake wa nyanya, zote chini ya taa moja. Nyanya hizo ndizo zingeamua kama mama mkwe wake atabaki Bunia au ataondoka.

Tangu Noeli, Mama Dorothée alikuwa akitangaza kwamba Pasaka ikiisha anarudi kijijini kwake, njia ya Tchomia, ambako bunduki zilikuwa zimenyamaza lakini si kila wiki. Mjini hakuna shamba, alisema, na yeye hajazoea kukaa bure. Aliyasema mbele ya akina mama wa kanisa. Wakamwombea safari njema, wakampa kitenge na kuku. Kitenge alikikunja vizuri. Kuku alishamla.

Yves, mwanawe na mume wa Ornella, alipiga simu kutoka Mongbwalu, kwenye migodi alikofanya kazi. "Ornella, mama asiende kule. Fanya yote."

Ornella, karani aliyejifunza kilimo kwenye simu, aliweka dau. "Mama, nikiivisha tomate humu ndani ya nyumba mbele ya Pasaka, utabakia. Kama haiive, miye mwenyewe nitakubebea mizigo."

Alisema ndani ya nyumba kwa sababu uani mbuzi wa majirani hawakubagua. Walikwisha kula miche yake mara mbili, na soksi za Yves mara moja.

Mama Dorothée alicheka mpaka akakaa chini. "Sawa. Tutaona."

Walienda pamoja sokoni kwa Rachidi, muuza taa. Rachidi aliwawekea mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa ya sodiamu, aina ya zile za barabarani, na sanduku lake zito la chuma.

"Hii iko na nguvu, mama. Tomate itazaa mpaka utakimbia."

Ya pili ilikuwa ya LED, bapa na nyepesi kama sahani. Ornella, aliyekuwa amemaliza video zote za dunia, alimhoji Rachidi mpaka akatoka jasho. Ile ya sodiamu ingemaliza betri yao ya sola kabla ya adhuhuri, na katika chumba kidogo chenye paa la chini la mabati joto lake lingechoma majani. Ya LED hula kidogo, na unaweza kuishusha karibu na mche. Kwa mtu anayeanza, akasema Rachidi, hapa hakuna mjadala. Mjadala ukaendelea nusu saa nyingine.

"Na ya bure haiko?" aliuliza Mama Dorothée.

Rachidi akacheka, akafunga ile ya LED na kuwaongezea mita mbili za waya.

Kufikia mwisho wa Februari mashina yalikuwa yamenenepa na maua yametoka. Ornella alijisifu ofisini hadi wenzake wakaanza kula chakula cha mchana mbali naye. Kilichomfurahisha zaidi ni betri: kila jioni akirudi anaikuta imejaa.

"Ile LED haikule kitu!" alimwambia Yves kwenye simu. Yves akakubali kwamba ameoa injinia.

Kisha mambo yakaanza kuharibika. Bidoni za dirishani zilihamia mlangoni. Siku moja alikuta tawi limevunjika. Na sasa huu udongo. Mama Dorothée mwenyewe alikuwa analala saa moja ya jioni, mgongo unamuuma, uso umebabuka. Alisema anazunguka kuaga watu.

"Mama, weye uko unaingia mule chumba?"

"Miye? Nitafanya nini mule? Ile mwangaza inaniumiza macho."

Ornella alilia siku hiyo, kwenye choo cha ofisi, kwa hasira. Alimpenda yule mzee kuliko alivyopanga kumpenda. Na sasa yule mzee alikuwa anamvunjia nyanya ili apate kwenda kufia porini.

Wiki ya Pasaka ilipofika, nyanya moja ilikuwa imeanza kuwa nyekundu ubavuni. Kama kuna mtu atataka kuiharibu, Ornella aliwaza, ni sasa. Jumanne, saa nne asubuhi, aliomba ruhusa, akapanda pikipiki, akashuka kabla ya kufika nyumbani ili mlio usisikike, akaingia kwa mlango wa mbele akiwa ameshika viatu mkononi.

Chumba cha nyuma kilikuwa wazi. Taa imezimwa. Hakukuwa na hata bidoni moja.

Alitoka mbio kuelekea uani, akipiga kelele jina la mama mkwe wake, jina tupu, bila mama wala heshima, jambo ambalo kwao mke wa mtu hathubutu.

Bidoni zote nane zilikuwa zimepangwa katikati ya ua, kwenye jua kali. Kati yake, juu ya kigoda, alikaa Mama Dorothée, kofia ya Yves kichwani, fimbo mkononi, akikodolea macho mbuzi watatu.

"Usisimame vile, Ornella," alisema bila kugeuka. "Kamata fimbo ingine. Ule mbuzi mweusi iko mujanja, na tumebakia na siku tano tu ili miye nishindwe."