Uandikaji wa Kisasa

Zebedayo alikuwa akitia funza ndani ya bahasha. Aliwachambua kutoka kwenye unga kwa ncha ya penseli, mmoja mmoja, wangali hai wakijinyonganyonga. Alipofikisha watano aliona wanatosha. Akailamba bahasha, akajuta kuilamba, kisha akaandika anwani ya gazeti moja la Dar es Salaam.

"Mara hii watachapa," alimwambia mkewe, Ruthi.

Hawakuchapa. Barua ilirudi na mstari mmoja tu: Habari si wadudu, bwana, jifunze kwanza kuandika.

Hayo yalikuwa mwaka 1954, katika shamba moja la katani njia ya Maramba. Zebedayo, Mshambaa wa miaka arobaini na minne, alikuwa karani wa posho. Kila Jumamosi yeye ndiye aliyewapimia wakata mkonge unga ule ule wenye funza, akisema "Pita, mwingine," bila kuwatazama usoni. Akimaliza, hupita mbele ya baraza ya bwana mkubwa wa shamba, Mzungu mnene aliyezoea kula kuku mzima peke yake, mafuta yakimchuruzika hadi kidevuni, na mifupa akawatupia mbwa wake mbele ya watu wenye njaa. Zebedayo alimchukia hata mate yakamwia machungu. Alijichukia na mwenyewe pia, maana mkono uliopima unga ulikuwa wake.

Basi akaazimia kusomea uandishi wa habari, amwanike yule mtu gazetini mpaka serikali ije kuukagua ule unga.

Tabu ikawa kuchagua chuo. Cha London, kwa njia ya posta, kilimjibu upesi mno: kimetambua kipaji chake adimu. Zebedayo alikuwa amewapelekea jina na anwani tu.

"Kipaji cha kuandika sanduku la posta," alisema, akaitumia ile barua kuwashia moto. Cha Nairobi kilitaka cheti cha darasa la kumi na mwombaji asizidi miaka ishirini na mitano. Yeye aliishia la sita katika shule ya misheni, na Yudith, mwanawe wa kwanza, alikuwa na ishirini na miwili. Barua hiyo hakuona hata haja ya kuichoma.

Cha tatu alikipata mjini, mtaa wa Ngamiani, kwenye kiti cha Uweso, kinyozi wake wa Kidigo. Karatasi ilikuwa imebandikwa kando ya kioo. Chuo cha Uandikaji wa Kisasa, cha Mzee Idarusi. Watu wazima wanapokewa. Cheti hakiulizwi. Miezi mitatu. Njoo na nguo nyeupe, kucha zimekatwa.

"Huyu mzee ajua kuandika kweli?" aliuliza Zebedayo.

Uweso alisimamisha wembe. "Weye humjui Idarusi. Kaandika melini miaka ishirini. Wanafunzi wake ndio wawaandikiao Wazungu wakubwa wa Mombasa. Mmoja kamwandikia Gavana, mara mbili."

"Na hakufungwa?"

"Afungwe kwa lipi? Gavana kampa mkono."

Zebedayo alirudi nyumbani kichwa kimenyolewa nusu, kwa jinsi alivyoshindwa kutulia. Ruthi aliisikiliza habari yote akiwa amejishika shavu.

"Kucha zinahusu nini?"

"Wino huingia ukuchani."

"Baba Yudith, ukiacha kazi watatutoa kwenye nyumba ya kambi siku hiyo hiyo. Hakuna kurudi. Una hakika na chuo hicho?"

"Vile viwili ni takataka. Cha kwanza kinasifia hewa, cha pili kinataka watoto. Hapa ndipo mtu mzima anaheshimiwa. Tutakaa kwa dada yako kule mjini, mtaa wa Mabawa, miezi mitatu tu, kisha mimi si mtu wa kumpimia mwenzangu funza tena."

Ijumaa alimpelekea bwana mkubwa funguo za stoo na kumwambia kwamba unga wake unanuka. Bwana alicheka, nyama imemnasa menoni. Zebedayo alishuka ngazi za baraza, akatema mate, na jioni yake vyombo vyao vikawa juu ya mkokoteni.

Jumatatu alifika chuoni na penseli nne alizozichonga tangu alfajiri. Palikuwa na meza ndefu katikati ya chumba na wanafunzi saba wamesimama kando yake, watu wazima wote, weupe mavazini. Hakuna aliyemcheka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba." Mzee Idarusi aliigeuza geuza mikono ya Zebedayo, akazitazama kucha, akaridhika. Kisha akawageukia wote. "Leo nina ombi mkononi. Kuna bwana wa katani, njia ya Maramba. Ataka mtu mzima, mtulivu, akakae nyumbani kwake amwandikie kila siku, asubuhi, adhuhuri na usiku. Nikimwona wa kufaa, nampeleka hata kabla ya miezi mitatu."

Damu ilimchemka Zebedayo. Aliijua nyumba ile, na kuiwaza tu kulimtia kinyaa. Lakini kukaa ndani yake na kalamu mkononi, kuziona karatasi za yule mtu, kujua unga ule hununuliwa wapi na kwa nini, mwandishi gani wa habari angeiacha bahati kama hiyo? Akapiga hatua mbele ya wenzake wote.

"Mimi, mwalimu. Huyo nitamwandikia mimi."

Mzee Idarusi alifurahi. Akainua kifuniko cha sanduku lililokuwa miguuni pake, akatoa uma sita na visu sita, akavifuta kwa kitambaa na kumtia mikononi.

"Haya, baba, andika meza tukuone."