Simu Ilale Jikoni

“Zima hapa mbele yangu,” muuguzi alisema.

Kavuo aliikamata simu kwa mikono miwili. Alikuwa amekuja kwenye kituo cha afya, pale Beni, kwa sababu wiki tatu hapati usingizi. Kope zake zilikuwa nyekundu, zimevimba.

“Ule mwangaza wa bleu unadanganya kichwa, mama. Kinawaza bado ni muchana. Kuanzia saa mbili ya usiku, simu ilale jikoni.”

“Lakini kama barebeli, bale baasi, banaingia kwetu, nani ataniambia mimi na batoto? Ile siku balishambulia, tulikimbia juu ya message ya groupe ya WhatsApp.”

“Kukosa usingizi nako kunaua. Zima.”

Kavuo akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, akaona uso wake humo.

Mvua ilikuwa imetia giza chumbani. Ndiyo maana wote wawili waliuona mwangaza wa bluu ukiwaka ndani ya mfuko wa koti jeupe la muuguzi, ukipenya kitambaa, ukitetemeka.

Kavuo akainua macho. Kope za muuguzi nazo zilikuwa nyekundu.

Muuguzi alitoa simu yake, akasoma. Akasoma mara ya pili.

“Washa yako,” alisema. “Pigia batoto bako.”